Digrii Nne za Friji la Soweto

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hadi leo nikiikumbuka mwili unanisisimka. Nakueleza kwa sababu umeanza kazi kwenye kliniki ya wanyama, na juzi nilikuona ukijaza fomu ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Usinune, nisikilize.

Nilikuwa kijana kama wewe, msaidizi katika kliniki moja pale Soweto, Mbeya. Nilichanja mbwa na paka, na kila asubuhi nilitakiwa kusoma joto la friji la chanjo na kuliandika kwenye daftari. Mimi nilingoja Ijumaa, nikajaza nne, nne, nne, kwa kuwa digrii nne ndizo zilizotakiwa. Juni moja friji likaharibika, likagandisha chupa zote za chanjo ya kichaa cha mbwa. Maelezo ya kwenye boksi yalisema wazi kwamba ikiganda itupwe. Niliogopa kugombezwa. Nikaziyeyusha viganjani, nikachanja mbwa wa watu, nikaandika nne.

Miezi ikapita. Asubuhi moja jirani yetu Mama Subilaga akaja, mkono ameufunga kipande cha kitenge. Mbwa wake, mpole siku zote, alikuwa amemng'ata kisha akatoroka. Nikaitazama kadi ya mbwa aliyokuja nayo, nikaona tarehe ya Juni ile na sahihi yangu.

"Mama, huyu nilimchanja mwenyewe. Hospitali uende kufanya nini?"

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru, akaenda zake.

Wiki hiyo hiyo nikapanda basi kupeleka nakala za daftari letu Iringa. Kliniki nyingi za huku kwetu zilimpelekea kumbukumbu zao Mama Kalinga, daktari wa mifugo, mtu mzima mwenye miwani mizito, azikusanye pamoja aone ugonjwa gani unatembea wapi. Mimi, nisikufiche, niliona ni usumbufu wa bure.

Akazipanga karatasi mezani. Mbwa mmoja alifia kliniki nyingine ya Mbeya, mwingine Mafinga alikohamia na mwenyewe, wa tatu Idodi. Wote walikuwa na dalili za kichaa. Kila kliniki ilimwona mbwa mmoja tu, ikaandika, ikafunga daftari. Ziliposomwa pamoja ndipo ikaonekana kuwa wote watatu walichanjwa Soweto, Juni ile, na mimi.

"Friji lenu liliharibika lini?" Mama Kalinga akauliza.

"Halijaharibika, Mama. Tazama, digrii nne."

"Siku thelathini? Hata Jumapili mlizofunga?"

Kufukuzwa kazi sikukuwaza tena. Nilikuwa nauona ule mkono wa Mama Subilaga. Ugonjwa ule dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna tena cha kufanya. Nikasema yote. Mama Kalinga hakupoteza muda kunigombeza, alipiga simu kwa mwenye kliniki yetu, naye akamkimbiza Mama Subilaga hospitali siku hiyo hiyo. Alichomwa sindano zote, na hakuugua. Mbwa wa Juni tuliwatafuta nyumba kwa nyumba, tukawachanja upya.

Niliporudi Mbeya nilikwenda kwa Mama Subilaga kukiri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Siku uliyoandika hiyo nne, ulijua chanjo imeganda?"

"Nilijua, Mama."

Akainuka, akaingia jikoni, wala hakutoka mpaka nilipojiondokea.

Mwanangu, siku hizi unabonyeza simu tu, kumbukumbu yako inakutana na za wenzako wa Mafinga na Idodi papo hapo. Anayezisoma hakujui, anakuamini tu. Basi andika ulichokiona kwa macho yako. Friji likigandisha, andika limegandisha, ugombezwe yaishe. Kama hukuangalia, acha pawe wazi. Mungu akupe moyo wa kusema kweli mapema, mkono wako uwe wa heri kwa wanyama na kwa wenye wanyama, na usifikwe hata siku moja na hofu ya kubisha hodi kwa mtu aliyekuamini.