Kuamia Ndege Croydon

Mimi shule sikukaa. Darasa la pili nilifika katikati, mpunga ukatoa mashuke, nikatolewa nikaamie ndege, niwafukuze wasiule, na baada ya mavuno hakuna aliyekumbuka kunirudisha. Sioni haya kulisema. Nimepiga deki maofisi ya Croydon ghorofa kwa ghorofa, nikaanzisha kampuni yangu ya usafi, na waliosoma wakaja kuniomba kazi. Kwa hiyo rafiki zangu waliponiambia kwamba wao huamka alfajiri ya Jumapili kwenda kuangalia ndege, kuangalia tu, niliwacheka. Ndege nimewaangalia utoto wangu wote. Nilitaka wafe.

Rafiki wenyewe ni wawili. Mmoja nesi mstaafu, Mkenya wa Nyeri, tunamwita Sista. Mwingine ni Kalasinga wa Southall, mzaliwa wa Nakuru, fundi magari maisha yake yote, basi ni Fundi. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wajukuu zangu, ambao nikiwasemesha wananijibu Kiingereza. Miaka mitatu wamenibembeleza niende nao. Mwaka huu nilikwenda, na nilikwenda kwa sababu ya dada yangu.

Dada amenizidi miaka sita. Tuliamia pamoja bonde la Kilombero, juu ya ulingo mmoja wa miti, yeye na kombeo, mimi na debe. Ndiye aliyenifundisha ndege. Alikuwa anafumba macho, anasikiliza, kisha anasema: hawa wezi, piga debe. Au anasema: huyu mwache, anakula wadudu, huyu mgeni, anapita tu. Nikikosea alinizaba kofi. Sasa haoni, na tangu mwaka jana hanijui. Nikipiga simu binti yake anamwekea sikioni, nami naita, "Dada, ni mimi, mdogo wako." Ananijibu kwa adabu kabisa: "Mdogo wangu yuko shamba. Wewe ni nani, baba?"

Adabu ile ndiyo inayoniuma. Dada hajawahi kuwa na adabu na mimi.

Sista alikuwa amenionyesha kwenye kitabu chake kindege cha rangi ya jani kavu, hakijazi kiganja. "Huyu baridi ya huku ikianza anaenda kwenu," alisema. "Anarudi Aprili, anataga hapa." Nikamtambua kabla hajamaliza. Alikuwa ni yule mgeni wetu wa kupita. Hapo nikapata wazo la kumrekodi kwenye simu na kumpelekea dada voisi. Kama sauti yangu haijui tena, ya ndege ataijua, na akiijua atauliza nani kaituma. Sikutaka zaidi ya hilo. Aulize tu.

Tulishuka tramu tukaingia msituni. Majani yalikuwa mapya, bado yana mikunjo, na chini maua ya buluu yametandaa mpaka unaona haya kukanyaga. Sista mbele na darubini, Fundi nyuma na chupa ya chai ya maziwa. Miti ikaisha, tukatokea juu kwenye uwanda wa kokoto na vichaka vifupi vya miiba vyenye maua ya njano. London yote iko chini, lakini hakuna aliyeitazama. Tukakaa chini tukangoja.

"Fundi, hiyo karatasi ya maandazi inapiga kelele kushinda tramu," Sista akanong'ona.

"Mimi nakula kimya. Ni wewe unaongea."

"Nikinyamaza utamaliza yote."

Nikawaambia wanyamaze wote wawili. Ulingoni mtu wa mdomo hapewi zamu ya asubuhi.

Tulikaa saa nzima. Miguu ilikufa ganzi. Ndipo akaimba, juu ya mti mweupe mbele yetu. Wimbo wake unaanzia juu halafu unateremka, laini, unaishia chini kama mtu aliyechoka kueleza. Nikaminya simu, nikanyoosha mkono. Sista akanishika bega, anatabasamu. Ndege nilimsikia kabisa, na nilikuwa tena juu ya ulingo, na dada yuko kulia kwangu kafumba macho.

Kundi la vindege wa kahawia likatokea nyuma yetu, vuuu, likashuka majanini mbele yangu kula mbegu.

Sikufikiri. Mwili wenyewe ulisimama. "Hoooyaa! Hoooyaa! Tokaaa!" Mkono ukazunguka kama una kombeo. Kila chenye mabawa kilima kizima kiliondoka. Mama mmoja mwenye mbwa akageuza njia.

"Mzee!" Sista hakunong'ona tena. "Wewe ni mtu wa aina gani? Saa nzima!"

Fundi alicheka mpaka akashika kilemba. "Majani ya Croydon yamepona," akasema. "Halmashauri itakushukuru."

Mimi sikucheka. Nilisikiliza simu: ndege kidogo, kisha kelele zangu. Kukata sehemu sijui, na kuomba nikatiwe nilikuwa na hasira mno. Nikaituma hivyo hivyo.

Tulikuwa tunakunywa chai binti wa dada alipopiga, nikaweka spika wote wasikie.

"Mjomba, nimemwekea mara tatu. Juu ya huyo ndege mama hakusema lolote. Ila hizo kelele! Anasema, mwambie huyo mtoto anapigia kooni, ndege watamzoea. Apige kutoka tumboni."

"Amenijua?"

"Sijui, Mjomba. Amekasirika kweli."

Nikaweka kikombe chini. Juu ya mti mweupe yule mgeni alikuwa amerudi, ameanza tena kuimba, na Sista alikwishainua darubini. Aliniona nimesimama na simu. Alimtazama ndege, akanitazama mimi, akashusha darubini.

"Piga basi," akasema. "Lakini piga vizuri."

Nikaminya simu irekodi, nikajaza tumbo hewa. Nilipiga mpaka macho yakatoa machozi, na Sista naye akapiga, kwa Kikuyu, sijui anafukuza nini. Nikaituma na hiyo.

Jibu lilinikuta ndani ya tramu, watu wamesongamana. Safari hii hakuwa binti. Ilikuwa sauti ya dada mwenyewe, kavu, haina salamu wala baba.

"Bado. Rudia."

Nikasimama. Fundi akanikamata koti.

"Tushuke kwanza, mzee," akasema, akabonyeza kengele, na kituo chetu kilikuwa bado mbali.