Friji ya Mama Koku Yenye Kiu

Jamani, kiherehere changu kitaniua! Mimi ni fundi bomba hapa Mkuyuni, na friji zote nilizozijua zilikuwa zinavuja maji. Tangu biashara iwe huria, zinaletwa za kila aina. Basi Mama Koku akaniita niunganishe bomba la friji yake mpya kutoka Dubai, inayotengeneza barafu yenyewe. Nikaona kampira kembamba mgongoni mwa friji. Nikajisemea, hapa ndipo yanapotokea maji. Kuuliza? Thubutu! Nikatoboa ukuta mzuri wa watu, nikakapeleka hadi kwenye maua ya nje.

"Mama, hata tone halitaanguka sakafuni!"

Siku ya kipaimara cha Koku nikaalikwa. Sebule imejaa wageni, soda za moto, barafu hakuna.

"Fundi, vipi?"

"Friji mpya zina maringo, Mama. Ngoja izoee hali ya hewa ya Mwanza."

Nikaendelea na pilau, mjinga mimi.

Baba Koku akakashika kale kampira, akakafuata hadi nje, wageni nyuma yake. Akasimama kwenye maua, akaniita kwa sauti.

"Fundi! Haka ni ka kunywea maji! Friji yangu ina kiu, wewe umeipeleka kukojoa?"