Matundu Manne au Matano

Siku waliyokuja watu wa Nizwa kuniposa, mama alimweka ami yangu jikoni akamwapisha.

"Shemeji, leo habari za bastola hapana."

"Sisemi."

"Hata kwa mfano."

"Nimeshasema sisemi! Mimi mtoto?"

Mama alikuwa na sababu. Baba alikuwa amekwishafariki, kwa hiyo ami ndiye walii wangu, na bila ya neno lake hapana ndoa. Mposaji wa kwanza, mtu wa Mudhaibi, alikuja na wazee wake, wakaondoka na maelezo marefu ya namna mtutu unavyopata moto, wasirudi tena. Yule sikumlilia. Huyu wa Nizwa nilimtaka. Tulisoma chuo kimoja, na alikuwa na kicheko cha polepole kilichoanzia mabegani, kikachelewa kufika mdomoni kama mgeni mwenye haya. Nilikuwa nimekijazia kurasa nyingi kicheko hicho, na namshukuru Mungu hakuzisoma.

Ami alihamia Ibra, huku Omani, kutoka Tabora akiwa mtu mzima. Hakupata kumiliki bastola hata siku moja. Alichomiliki ni mawazo. Alikuwa akinunua Maskati magazeti ya silaha yaliyokwishapitwa na wakati, akiyasoma kwa Kiingereza cha kubahatisha, na kilichomkosesha raha ni zile rivolva kubwa za Wamarekani, bastola zenye gurudumu la matundu ya risasi, nzito kama paja la mbuzi. Aliwaona watengenezaji wake ni waoga. Chombo kikubwa namna ile, wanakitilia risasi ya kawaida! Mwezi huu alitaka kipokee risasi ya kuulia nyati. Mwezi ujao ya tembo, iliyofupishwa kidogo. Mwaka ule alikuwa ametua kwenye wazo lake kuu: risasi ya sam'a, ile bunduki ndefu ya kale ambayo wazee wa Omani huishika siku ya Idi wakicheza ngoma ya razha.

"Hiyo si bastola tena," mama alimwambia. "Hilo bomba la maji lenye mshikio."

Wageni walifika baada ya alasiri: mchumba wangu na baba yake, mzee aliyezaliwa Unguja mjini na ambaye Kiswahili chetu cha bara alikisikiliza kwa huruma, kama anayemwangalia mtu akichechemea. Mimi na mama tulikuwa jikoni. Mlango wa kuingilia majlis, chumba cha wageni, uliachwa wazi kidogo, wa kupitishia kahawa. Halwa ikaliwa. Ami akazungumza habari za mvua, za tende, za barabara ya Sur. Aliongea kwa adabu hata nikaona fahari. Mama akaanza kukaanga vitumbua kwa moyo mtulivu.

Kisha yule mzee, kwa ustaarabu wake tu, akaeleza kazi yake.

"Mimi nauza na kununua bunduki za kale, pale sokoni Nizwa. Sam'a khasa."

Mama akafumba macho.

"Sam'a," ami alisema taratibu, kama mtu aliyetajiwa mpenzi wake wa ujanani. "Sheikh, umepata kufikiri kuitia risasi ya sam'a ndani ya rivolva kubwa?"

Nilimwomba Mungu amchekeshe mzee. Angecheka, mambo yangekwisha pale pale.

"Wallahi nimefikiri," alijibu. "Miaka mingi. Matundu manne."

"Matano!"

"Manne, bwana. Risasi ile nene. Ukitoboa matano, kuta zake zitakuwa karatasi. Itakupasukia mkononi."

Ami aliingia jikoni kwa kishindo, akajifunga kanga ya mama mkononi, akanyanyua chuma cha vitumbua kutoka motoni.

"Shemeji! Unga mbichi huo!"

"Nakirudisha!"

Alikipeleka majlis, vitumbua vikiwa havijageuzwa. "Tazama, sheikh. Matundu sita yanazunguka, moja katikati. Hilo la katikati lisahau. Sasa yanenepeshe haya sita yawe matano. Kuna ukuta, hakuna ukuta?"

"Ukuta gani? Huu hapa... Ala! Moto!"

"Huo ndio ukuta."

Mchumba wangu alikaa baina yao, akisogezewa chuma usoni kila mmoja alipotaka shahidi. Mwisho alijikaza.

"Baba, na lile tulilojia?"

"Lipi?"

Niliegemea friji. Mama alikuwa akinong'ona dua, mwiko mkononi.

"Nyinyi watu wa bara mna tabia ya kujaza," mzee alisema. "Chochote mkikiona mnajaza."

"Na nyinyi wa Unguja mna tabia ya kupunguza. Hata huyu mwanao amekuja kuposa na nusu ya maneno!"

"Basi mimi sichukui mke katika nyumba itakayompasua mwanangu mkono."

"Na mimi sitoi binti kwa watu wa matundu manne!"

Nikasikia mzee akiuliza viatu vyake viko wapi.

Kwa desturi mwari akiulizwa kama ameridhia hunyamaza, na kimya chake ndiyo jibu. Nilikuwa nimekifanyia mazoezi kimya hicho mbele ya kioo, macho chini, kidole kwenye pindo la mtandio. Kilikuwa kimya kizuri sana. Sikupata kukitumia.

"Manne, ami!" nilipiga kelele. "Sema manne!"

Mwiko ukamponyoka mama. Ami akaja mlangoni, chuma mkononi, vitumbua vimedorora kama mashavu ya mzee.

"Unaijua hesabu yake?"

"Siijui, ami."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Namtaka mwanawe."

Alinitazama, kisha akayatazama yale matundu, moja baada ya moja, na mimi nikaiona ile rivolva ambayo hakuna aliyeitengeneza ikimtoka mikononi. Akakiweka chuma chini bila ya sauti. Akarudi majlis.

"Sheikh, viatu baadaye. Kaa. Manne."

"Umekubali kwa hoja?"

"Nimekubali kwa ajili ya binti. Soma Fatiha ya posa, na usome upesi, kabla sijaanza kuzifikiria tena zile kuta."