Mkono Ulioosha Goti la Neema

Nilipokuwa mtoto, mtaani kwetu Mutakura kidonda kilikuwa na mwenyewe. Mkono uliokiosha mara ya kwanza ndio uliopaswa kukiosha mpaka kifunge. Mkono mwingine ukiingilia, kidonda kinasusa, hakiponi tena. Nyanya aliamini hivyo, na nyumba nzima ikaamini naye.

Kwa hiyo mdogo wangu Neema alipojikata goti kwa bati, mama akaliosha, na goti likawa lake. Kila jioni alirudi mapema kutoka sokoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa ajili yangu. Alimpakata Neema, akaosha kwa maji vuguvugu ya chumvi, akipuliza taratibu. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali, moshi machoni, roho inaniuma. Nilimwonea wivu hadi nikatamani bati lile lingenikata mimi.

Kisha mama akavuka mpaka kwenda Uvira kununua vitenge. "Mutu asiguse ile kidonda," alisema akifunga mzigo. "Mi narudi kesho."

Kesho yake mvua ikakata barabara, mama hakurudi. Goti likavimba, likaanza kunuka. Neema alilia, nyanya akasema tumngoje mwenye mkono. Mimi nikachemsha maji. Ningependa kusema ilikuwa huruma, lakini nilitaka tu kitu kimoja cha mama kiwe changu.

"We Furaha, utaua mutoto!" nyanya alipiga kelele. Niliosha hivyo hivyo, na siku zilizofuata nikaosha tena.

Mama alipofika, uvimbe ulikuwa umeshuka. Alivuta beseni, lakini nyanya akamzuia.

"Apana, Mama Furaha. Kidonda imeshajua mukono ya dada yake. Umuachie."

Nilifurahi kupita kiasi. Halafu mama akakaa, akampakata Neema, akaanza kumpulizia goti, nami nikapiga magoti chini na beseni langu. Kidonda nilikipata. Mapaja ya mama yalibaki ya Neema.

Leo Neema anaishi mtaa wa Kinindo, famasi iko jirani kabisa. Hata hivyo mwanawe akichubuka, simu inakuja kwangu: "Dada, kuya na mukono yako." Naenda, tena nimebeba chumvi, kana kwamba Kinindo hakuna chumvi. Sidhani mkono wangu una kitu; maji yangetosha. Lakini ndicho kitu pekee cha mama nilichokipata, na sitamwachia mtu.

Napiga magoti, naosha. Mtoto amepakatwa na mama yake, anapulizwa taratibu, nami, mtu mzima mwenye mvi, namwonea wivu.