Fundi Aliyewekwa Dirishani

Wewe unayesoma hapa, nani alikuambia kwamba mwanamke asiye na mtoto ni nusu mtu? Shangazi yangu aliambiwa na tangazo la duka la midoli.

Shangazi ni fundi cherehani wa makoti ya kiume. Kola akiishona yeye hukaa shingoni kana kwamba iliota hapo. Watu humwita Mkasi, kwa mikono yake na kwa ulimi wake pia. Hakuolewa wala hakuzaa, na aliyethubutu kumwuliza sababu aliondoka na jibu la kumtosha. Kisha yakaja yale matangazo: "Mikono ya kila mwanamke inamngoja mtoto." Midoli mizito kama vichanga, yenye kope za nywele, kila mmoja na cheti chake cha kuzaliwa, na anayetaka familia itimie sharti ainunue yote. Shangazi alianza na mmoja, kwa mzaha. Nilipokwenda kwake likizo niliikuta imejaa kitandani, yeye analala chini.

Nikamhubiria. Nikamwambia wenye duka wanamtonesha kidonda ili wamuuzie dawa, na kwamba hakuna mwanamume asiye na mtoto anayeandamwa hivyo. Alinisikiliza huku akitunga uzi kwenye sindano, akasema elimu yangu ni nzuri, ila nipunguze sauti, wenzangu wa kitandani wamelala.

Hata hivyo ufundi wake haukufa. Nguo za midoli zilikuwa zimeshonwa ovyo, akazifumua zote na kuzishona upya: vikoti vyenye bitana, mifuko ya kuingia kidole, vifungo vidogo kama mtama. Meneja wa duka alipoviona, alimwambia aje wafanye kazi pamoja. Shangazi akadhani ameitwa kushona. Siku hiyohiyo aliaga kwenye karakana ya makoti, na kabla jua halijatua cherehani yake ikapata mtu mwingine.

Tulikwenda dukani pamoja, mimi nimembebea mkoba wa mikasi. Meneja aliutazama mkoba akacheka. Nguo, alisema, zinatoka kiwandani na zitaendelea kutoka huko. Alichotaka ni shangazi akae dirishani kwenye kiti cha kubembea, mdoli kifuani, wanawake wapitao wamwone.

"Huyu ndiye fundi bora wa makoti mjini hapa," nilisema. "Mnamtaka akae tu?"

"Akae kama mama. Kijana, mafundi wapo tele. Uso wenye kiu ya mtoto ndio adimu."

Nilimgeukia shangazi, nikijua sasa huyu bwana atakiona cha moto. Shangazi alikuwa anatazama sakafu.

Nilimwacha nyumbani nikakimbilia karakana kumwombea arudishwe. Tajiri wake wa zamani hakuinua hata kichwa. Maji yakimwagika hayazoleki, alisema, tena yule kijana mpya ana watu wanaomtegemea. Mkasi ana midoli.

Hayo sikumwambia shangazi. Nilimsihi tu akatae.

"Niache, baba," alisema. "Wewe kaa na hasira zako, mimi nikae na kazi."

Asubuhi iliyofuata nilisimama ng'ambo ya barabara. Shangazi alikuwa nyuma ya kioo, amevishwa gauni la waridi linalompwaya mabegani, mshono ambao yeye asingekubali utoke mezani kwake. Wanawake wawili walisimama kumtazama. Akaushika mkono wa mdoli, akawapungia nao kama alivyofundishwa. Wakatabasamu, wakasukuma mlango, wakaingia.