Herufi Mbili za Lorraine

Lorraine Pasternak hakuwa mtu wa kompyuta, na hakuwahi kujidai. Alikuwa mchomeleaji kwenye kiwanda cha vichwa vya treni mjini Erie, Marekani, mpaka kiwanda kikaanza kupunguza watu kama mtu anayechambua mchele: wewe baki, wewe nje. Akaenda yale masomo ya jioni ya kuwapoza waliotupwa nje, akaibukia kwenye kampuni ndogo inayotengeneza programu za pampu za maji za miji. Kazi yake ilikuwa kujaribu. Anachukua programu, anaitesa mpaka ilie, anarekebisha majaribio, kisha anapeleka kazi yake kwenye seva, ambako kazi za wote zinakaa.

Kupeleka kulikuwa na skripti yake, kiprogramu kidogo cha zamani kilichoandikwa na jamaa ambaye hata sura hakuna aliyeikumbuka. Unaandika jina lake, halafu unaiwekea herufi za kuiambia unatakaje. Ukiweka q, inafanya kazi kimya bila kukujazia maneno. Ukiweka f, inalazimisha: kilichoko kwenye seva kinafutwa, chako kinakaa. Hiyo f ni ya hatari, mwenye akili zake haigusi. Ila skripti ilizijua herufi zikiwa zimeachana tu. Ukizibandika pamoja, qf, ilikuwa haielewi, na badala ya kusema haielewi inazipuuza zote mbili na kuendelea na safari. Kama mhudumu wa baa anayekuitikia "sawa" na hajakusikia.

Lorraine alikuwa anabandika. Aliyemfundisha wiki ya kwanza alikuwa anabandika, naye akashika hivyo hivyo, mpaka vidole vikaenda vyenyewe kama mtu anafunga kamba za viatu. Miaka yote hiyo alikuwa anaamuru kufuta kazi za watu, na miaka yote hiyo hakuna kilichomtii.

Halafu akaja Corbin Yoder, dogo wa Meadville, mwembamba, mcheshi, hawezi kuona kitu kimepinda akakiacha. Siku moja akamkuta Lorraine kwenye mashine ya kahawa.

"Bi mkubwa, kuna mtu humu anabandika herufi kwenye ile skripti?"

"Herufi gani tena?"

"Tuseme q na f, pamoja."

"Mimi niguse f? Dogo, nilichomelea vyuma, sikuchomelea ubongo."

Corbin akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Basi naitengeneza. Inanikera. Unakosea, yenyewe imekukalia kimya kama shemeji aliyenuna."

"Tengeneza, nani kakushika mkono?"

Na hakudanganya. Kichwa chake kilikuwa hakijui vidole vinaandika nini.

Corbin akaitengeneza, na akaitengeneza vizuri. Sasa herufi zikibandikwa, skripti inazisoma moja moja na kuzitii zote. Akatuma barua pepe kwa ofisi nzima. Barua yenyewe nani asome.

Wiki hiyo Lorraine hakuwepo, alikuwa hospitali na mumewe Stan. Stan ana saratani ya damu, ile unayoishi nayo ukimeza vidonge kila siku, na bei ya vidonge hivyo mtu wa kawaida akiambiwa anakaa chini. Vinalipwa na bima, na bima ni ya kazi ya Lorraine. Kazi ikikatika, vidonge vinakatika. Hakuna hadithi nyingine hapo.

Aliporudi, kazi zilikuwa zimemrundikia. Akarekebisha majaribio yake bila kuchukua kwanza kazi mpya za wenzake, akapeleka. Siku zote ukifanya hivyo skripti inakufukuza: nenda kachukue za wenzako kwanza. Siku hiyo ikapita kimya, laini.

"Leo imeamka vizuri," akasema, akavaa koti.

Kilichofutwa kilikuwa kazi ya Hollis Brandt, kibarua wa mkataba kutoka Buffalo, sehemu nzima ya kufunga maji yakizidi kwenye tangi. Hollis alikuwa keshamaliza mkataba, karudisha kompyuta, nayo imesafishwa. Mpaka mteja anaiulizia sehemu ile, mwezi umepita, na seva huwa inafagia vilivyotupwa. Ilikuwa imeshafagia. Corbin akachimba, akachimba, akakuta shimo tupu. Ila kumbukumbu za seva zilimwonyesha mashine iliyofanya hivyo.

Hakwenda kwa bosi. Alikwenda kwa Lorraine.

"Hebu ipeleke hiyo kazi yako. Usifikirie, piga tu. Usibonyeze kitufe cha mwisho."

Lorraine akapiga. Wakaziangalia herufi wote wawili, qf, zimekaa pale.

"Yesu wangu," Lorraine akasema taratibu.

"Mimi ndiye niliyeibadilisha," Corbin akasema. "Tutaingia wote. Wewe sema tu kwamba nilikuuliza. Kama niliuliza, si uzembe. Nisipokuwa na mtu wa kusema hivyo, nimekwisha."

"Nitasema, dogo."

Dunleavy, bosi wao, alikuwa kampoteza mteja na alitaka kichwa cha mtu. Watu wa hivyo nawajua, hawatafuti kosa, wanatafuta shingo.

"Umegusa kitu kinachotumiwa na ofisi nzima, hukumuuliza mtu?"

"Niliuliza. Nilimuuliza Lorraine, pale kwenye kahawa. Akasema yeye hagusi f, nitengeneze tu."

Dunleavy akageuka. Sauti ikalainika, na hapo ndipo alipouweka mtego.

"Lorraine, imetoka kwenye mashine yako. Lakini kama hukuulizwa, ungejuaje? Siwezi kukulaumu. Kama uliulizwa ukajibu hovyo, hilo ni jambo lingine. Sasa, alikuuliza?"

Corbin alikuwa anamwangalia bila wasiwasi kabisa. Lorraine aliangalia meza.

"Sikumbuki kuulizwa," akasema.

Mtu mwingine angepindua ile meza. Mimi ningeipindua. Corbin akasema, "Haya." Basi.

Walimtoa siku hiyo hiyo. Lorraine alimkuta kwenye maegesho anakwangua theluji kwenye kioo cha gari, akasimama karibu naye.

"Corbin."

"Nilijua una Stan," akasema bila kugeuka. "Ungeniambia tu kabla hatujaingia. Ningejua nimeingia peke yangu."

Akaingia ndani ya gari, akaondoka. Lorraine alibaki amesimama kwenye ule mstatili mweusi wa lami, mahali gari lilipokuwa.

Jumatatu Dunleavy alimpa kazi: airudishe skripti ilivyokuwa zamani. Kufuta kazi ya Corbin ni amri moja tu ya kompyuta. Ila mfumo hauchukui badiliko bila sababu, na sababu inakaa pale na jina la aliyeiandika, mtu yeyote asome. Akaandika, "Inarudishwa kama zamani." Dunleavy alikuwa kasimama nyuma yake.

"Sema kwa nini. Weka na jina la Corbin."

Lorraine akaongeza, "Marekebisho ya C. Yoder yalifanywa bila kuwauliza watumiaji." Akaisoma mara moja. Akaihifadhi, akaipeleka, akauliza kama anaweza kutoka mapema, maana duka la dawa hufunga saa kumi na mbili.