Tumbo la Gitaa la Kijani

Kila asubuhi kabla ya chai, Munga aling'ata gitaa lake. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaliinua lile gitaa jeusi hadi kidevuni, akabana pembe yake kwa meno, kisha akapiga uzi mmoja na kusubiri. Miaka miwili nyuma mtetemo ulikuwa ukipanda menoni, ukipita taya, ukimfikia kule ndani ya kichwa ambako sauti zote zilikuwa zikikaa. Siku hizi ulimfikia kama hodi inayopigwa nyumba ya jirani.

Mkewe, Kahaso, ndiye peke yake aliyejua. Masikio yalianza kwa kupoteza ndege wa alfajiri. Kisha ikapotea adhana ya msikiti wa pale Mtongwe, ambayo kwa miaka mingi Munga, Mkristo asiyekosa ibada, aliitumia kama saa ya kumwamsha. Kisha sauti za watoto. Mwisho ikanyamaza hata mvua juu ya mabati, akawa anajua kunanyesha kwa kuona maji yakichuruzika dirishani. Daktari alimpima, akamzungumzia, akaona haeleweki, akaandika kwenye karatasi na kuisukuma mezani: neva zimekufa, vifaa vya masikioni havitasaidia. Munga aliikunja karatasi mara nne akaitia mfukoni mwa shati, na Kahaso akaja kuifua pamoja na shati.

Miaka thelathini alikuwa amepiga gitaa katika bendi za hoteli, wageni wakila kamba na kupiga picha. Sasa alikuwa katika bendi ya Bonface, iliyopiga kila mwisho wa wiki kwenye hoteli moja ya Shelly Beach, na hakuna mwenzake hata mmoja aliyefahamu kwamba hasikii. Alitazama mguu wa mpiga ngoma. Alisoma midomo. Alisimama jirani na spika kubwa, kifua kikipigwa na upepo wake, na alivua viatu ili besi impandie miguuni kutoka kwenye mbao za jukwaa. Wenzake walidhani ni madoido ya mzee. Halafu hoteli ikang'oa zile mbao, ikamwaga saruji na kupanga vigae vya kung'aa. Siku ya kwanza Munga alipokanyaga vigae vile, nyayo zake hazikuambiwa chochote.

Jumamosi iliyofuata uzi wake mmoja ulilegea na asijue. Akapiga wimbo mzima nje ya sauti, akitabasamu. Wageni walipiga makofi. Bonface hakupiga. Siku ya pili ujumbe uliingia kwenye simu: "Mzee Munga, Ijumaa saa nane ukumbini. Uanze wewe peke yako. Nataka kukusikia vizuri."

"Nimwambie nini?" alimuuliza Kahaso.

Kahaso alimshika kidevu, akamgeuza amtazame midomo. "Mwambie ukweli, Baba Purity."

"Nikishamwambia, nitakuwa nani?"

Kahaso alirudi kwenye sufuria yake.

Binti yao, Purity, ndiye aliyeona tangazo kwenye simu: gitaa la marehemu linauzwa, Kiembeni. Picha yake Munga aliitazama hadi kioo kikazima. Gitaa la umeme alilolijua yeye ni ubao mzito, kigogo kilichochongwa, na mlio wake wote hutoka kwenye spika. Hili lilikuwa na tumbo. Katikati lilipitishiwa kigogo cha kubeba nyuzi, lakini pande zote mbili lilikuwa wazi ndani kama mzinga. Upande mmoja lilitobolewa tundu lililojipinda kama nyoka. Upande wa pili hapakuwa na tundu, ila mtu alikuwa amelichora kwa rangi nyeusi, mkono ukimtetemeka, ili pande zilingane. Lilikuwa la kijani, kijani cha embe bichi. Munga hakujali rangi. Aliwaza jambo moja tu: mbao nyembamba yenye uwazi ndani ikilazwa kifuani itatetemeka, na mbavu zitasikia.

Alivuka feri, akaenda hadi Kiembeni. Aliyefungua mlango alikuwa mama wa makamo, jina lake Dorcas, mjane.

"Karibu, baba. Wewe ndiye wa gitaa?"

"Ndimi, mama."

"Ajabu. Nilimtazamia kijana mwenye rasta."

"Rasta zilikuwapo," Munga akasema, akipangusa upara. "Zilihama bila kuaga."

Dorcas alicheka, na kicheko chake Munga alikiona mabegani. Akamletea gitaa limefungwa kwenye shuka. Lilikuwa na nyuzi tatu tu, zenye kutu, zisizoweza kujaribiwa.

"Nicanor wangu alilipigia kanisani, Kisauni," Dorcas alisema. "Mchungaji akimwambia apunguze, yeye anaongeza. Tangu afe sijaligusa."

Kisha akainuka kwenda kufungua dirisha, na akiwa amempa mgongo aliendelea kusema. Munga aliona mabega yakipanda na kushuka, na mkono ukipepewa hewani kama wa mtu anayefukuza kuku. Alisubiri. Alikuwa na jibu lake la nyakati kama hizo, jibu lililomvusha mahali pengi. Dorcas alipogeuka, Munga alitabasamu.

"Ni kweli, mama."

Dorcas alimtazama kidogo. "Basi, mradi unajua," akasema.

Munga alilipa kwa pesa za mabati ya jikoni, akaondoka amelikumbatia gitaa mbele kama mtoto mgonjwa.

Jioni ile alilifunga nyuzi mpya sita. Akaketi kitandani, akang'ata pembe ya kijani, akapiga uzi mnene. Akasubiri. Hakuna. Akalibana kifuani, akapiga tena kwa nguvu hadi kidole kikauma. Hata lile jeusi lilikuwa na nafuu. Aliwaza kwamba sasa ni mifupa yenyewe, kwamba ile njia ya mwisho nayo imezibwa.

"Kahaso! Limekufa hili, au ni mimi?"

Mkewe alikuja akipangusa mikono, akainamisha sikio. Munga akapiga uzi.

"Linalia," Kahaso alisema polepole, midomo yake wazi mbele ya macho ya mumewe. "Lakini linalia kama mtu aliyejifunika blanketi."

Alichukua simu, akamulika kwenye lile tundu. Akachungulia kwa jicho moja. "Kuna kitu humu. Cha njano."

Walinyoosha hanga la nguo wakafanya ndoano. Kilichotoka kwanza kilikuwa kipande cha sponji, sponji ya godoro, kimekatwa kwa mkasi. Kikafuata kingine, na kingine, Kahaso akivuta kama anayetoa matumbo ya samaki, hadi kitanda kikajaa.

"Mtu gani huyu?" alisema. "Analilaza gitaa kwenye godoro!"

"Labda majirani walimchongea kwa mwenye nyumba."

Walicheka wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu ujumbe wa Bonface. Kisha Munga alilirudisha gitaa kifuani na kupiga uzi ule ule.

Mbavu zake zilijibu.

Alipiga wa pili, wa tatu. Kila mmoja ulikuwa na makazi yake: mnene chini ya titi, mwembamba karibu na mtulinga, chini ya shingo. Aliweka kidevu juu ya mbao, na sauti ikapanda hadi kule ndani, ndogo, ya mbali, lakini yenyewe. Akalegeza uzi kwa makusudi, akaukaza, akaujua ulipofika mahali pake. Kahaso aliitikia kwa kichwa: umepatia. Akalegeza tena. Umepatia tena. Halafu Kahaso akapiga magoti, akasogeza mdomo kwenye lile tundu na kuimba ubeti wa wimbo aliokuwa akiwabembelezea watoto. Mbao ilitetemeka kwa sauti yake. Mwaka mzima Munga hakuwa amesikia sauti ya mkewe. Alilia bila kuficha, na machozi yakaanguka juu ya kijani.

Ijumaa saa nane alikuwa ukumbini kule Likoni. Bonface alikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono kifuani. Mwimbaji, Vivian, aliegemea ukuta akila njugu. Mpiga ngoma alifunga kamba za viatu.

"Haya, Mzee Munga," Bonface alisema. "Na hilo jitu la kijani umeliokota wapi?"

"Limeniokota lenyewe."

Alipiga peke yake, sauti ikiwa ya chini, kidevu kikigusa mbao. Vidole viliulizana na mbavu, mbavu zikajibu. Alipomaliza, Vivian alikuwa ameacha njugu. Bonface alisimama.

"Wacha wewe! Mzee, ulikuwa umejificha wapi? Siku zote hizi nilidhani umeishiwa." Akapiga makofi. "Twende pamoja sasa. Ule wa kufungulia Jumamosi."

Wakaanza. Ngoma iliingia, kinanda cha Bonface kikaingia, na ile mitetemo midogo ya mbavuni ikafunikwa na mikubwa. Bonface alimtazama, akainua kidole gumba: ongeza. Munga aliongeza. Bado hakujipata. Akarudi nyuma hatua mbili, alivyozoea kwa miaka yote, akasimama karibu na spika kubwa.

Papo hapo gitaa likaamka. Mtetemo ulishika tumbo lake lote na usishuke. Aliinua vidole kwenye nyuzi na bado likatetemeka; mtetemo ukapanda mbavu, shingo, meno, ukajaa kichwani kama maji yanayojaza mtungi. Hakuwa amewahi kusikia kiasi kile tangu ujana. Alifumba macho. Alilikumbatia.

Alipofumbua, Vivian alikuwa amechutama, amebana masikio kwa mikono miwili. Mpiga ngoma alikuwa ameangusha vijiti. Bonface alikuwa akija mbio, mdomo umepanuka, na midomo yake ilisomeka hata kwa mtoto: "Zima! Zima! Mzee, husikii?"

Munga alipiga kiganja juu ya nyuzi, akarudisha kitufe cha sauti chini. Mtetemo ukafa. Mikono ya watu ikashuka masikioni, mmoja baada ya mwingine. Ndipo alipoyaona mabega ya Dorcas dirishani, na ule mkono uliopepea. Sponji zile hazikuwa kwa ajili ya majirani. Nicanor alikuwa akilifunga gitaa mdomo lisipige mayowe likikaribia spika, na mjane wake alikuwa amemwambia Munga hilo vizuri kabisa, akiwa amempa mgongo.

Bonface alimpita, akaenda nyuma yake kuchomoa waya. Munga alibaki ametazama mbele, akimtazama Vivian. Aliona macho ya msichana yakimfuata Bonface, yakatulia kule nyuma, kisha yakarudi kwake, yakasubiri. Basi kuna lililosemwa. Pengine lilikuwa swali. Pengine lilikuwa jina lake tu.

Munga alitabasamu.

"Ni kweli," akasema.

Midomo ya mpiga ngoma ikarudia neno la Bonface, polepole: "Kiziwi?" Vivian aliziba mdomo kwa kiganja, akainamisha kichwa.